Korosho Ghafi: Nani Atalipia Viwanda?

Kila msimu wa korosho unapokaribia, hoja moja hurudi katika mijadala yetu: Tanzania ikome kuuza korosho ghafi, ibangue zote hapa hapa nchini. Hoja hiyo husikika bungeni, kwenye majukwaa ya kampeni, magazetini na katika insha za wanafunzi wangu. Inavutia kwa sababu msingi wake ni wa kweli. Sehemu kubwa ya korosho zetu huondoka bandarini zikiwa na maganda yake, hubanguliwa India na Vietnam, na ajira, mafuta ya maganda na faida ya ubanguaji hubaki huko. Sisi tunabaki na vumbi la barabara ya kwenda ghalani.

Naunga mkono lengo hilo. Ninalotaka kulijadili leo ni swali ambalo watetezi wake hulikwepa, na ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoamua hatima ya majaribio yetu ya miaka 50 iliyopita: nani analipa? Ubanguaji una gharama. Kuna gharama ya mtaji, gharama ya riba, gharama ya kujifunza kazi, na hasara ya miaka ya mwanzo ambayo karibu kila kiwanda kipya huipata. Gharama hizo hazifutwi kwa tamko. Serikali isipoamua waziwazi nani azibebe, zitabebwa na yule asiye na uwezo wa kuzikwepa, naye ni mkulima wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, Liwale na Tunduru. Mara baada ya mara, ankara ya sera zetu za korosho imepelekwa mlangoni kwake.

Viwanda vilikuwapo, korosho hazikuwapo

Vijana wengi huamini kwamba hatujawahi kuwa na viwanda vya korosho. Tulikuwa navyo, tena vikubwa. Kati ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilijenga viwanda 12 katika miji kama Dar es Salaam, Kibaha, Lindi, Mtwara, Masasi, Newala, Nachingwea na Tunduru. Mashine zilitoka Italia na Japani, na sehemu ya fedha ilikuwa mikopo, ikiwamo ya Benki ya Dunia. Kwa pamoja viwanda hivyo viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi, na bila shaka walioandika mipango ya viwanda waliitazama takwimu hiyo na kuona malighafi ya kutosha. Lakini kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Viwanda vipya vilisimama vikiwa na rangi yake ya kwanza, vikisubiri zao lililokuwa linatoweka.

Sababu za anguko hilo zinafahamika. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kwenda mbali na mikorosho yao, na mkorosho usiopaliliwa humezwa na kichaka na kuungua moto unapopita. Ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua. Sababu ya tatu ndiyo inayohusu swali letu. Mnunuzi alikuwa mmoja, chombo cha serikali, na sehemu ya bei ya soko la dunia iliyomfikia mkulima ilizidi kupungua kadiri gharama za uendeshaji zilivyokua. Kwa maneno mengine, mkulima alikuwa analipia mfumo mzima, viwanda vikiwamo, kupitia bei ndogo ya shambani. Hakuandamana. Aliacha kupalilia, akapanda mihogo na ufuta, akaiacha mikorosho ijitunze yenyewe. Mkulima hana chama cha kugoma, lakini akiliweka jembe chini hakuna amri inayoweza kuliinua.

Viwanda hivyo baadaye viliuzwa kwa watu binafsi katika ubinafsishaji. Baadhi havikuwahi kubangua tena kwa maana halisi ya neno hilo. Viligeuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Msimu wa 2018

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya zamani, ya enzi ya mashirika ya umma. Basi tuje karibu.

Tangu msimu wa 2007/08 korosho zetu zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinapimwa, zinapelekwa ghala kuu, na wanunuzi hushindana kwa mnada. Mfumo huu umekuwa na kasoro nyingi: makato yasiyoeleweka, malipo yanayochelewa, viongozi wa ushirika wasio waaminifu. Mwezi Aprili 2013 hasira juu ya malipo ziligeuka vurugu na nyumba kuchomwa moto huko Liwale. Hata hivyo, mfumo umemwezesha mkulima kuwafikia wanunuzi wengi kwa pamoja, jambo ambalo kangomba, yaani ule ununuzi wa kificho kijijini kwa vipimo visivyo rasmi na kwa bei ya shida, haliwezi kumpa.

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema. Mavuno yalizidi tani 300,000 na bei katika baadhi ya minada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Katikati ya mwaka 2018, neema ikiwa bado inazungumzwa, sheria ikabadilishwa. Korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake bandarini, au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa mujibu wa sheria iliyokuwapo, asilimia 65 ya fedha hizo ilikuwa irudi kuendeleza zao lenyewe: pembejeo, utafiti, na ubanguaji wa ndani. Mabadiliko ya 2018 yalizipeleka zote Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa mikoa ya kusini walipinga, wakashindwa kwa kura.

Miezi michache baadaye bei ya dunia ilishuka. Zabuni za Oktoba 2018 zilikuwa chini sana ya matarajio, na wakulima wakakataa kuuza. Tarehe 12 Novemba, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaenda Mtwara kuzisomba. Wengi walishangilia, nami naelewa kwa nini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wakulima wengi kuona dola ikisimama upande wao dhidi ya mnunuzi.

Lakini serikali ilikuwa imebeba mzigo wa zaidi ya tani 200,000 bila mnunuzi mkononi na bila uwezo wa kuubangua. Malipo yakatanguliwa na uhakiki wa mashamba, na uhakiki ukachelewesha malipo. Mkataba uliotangazwa na kampuni moja ya nje kwa tani 100,000 ulivunjika. Korosho zilikaa ghalani miezi mingi, na korosho hazifanani na mvinyo. Kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyopoteza ubora. Nyingi kati ya zile zilizoitwa malighafi ya viwanda vyetu ziliishia kuuzwa nje zikiwa ghafi. Wakati huo huo mkulima aliyesubiri fedha zake alikuwa anahitaji salfa ya msimu uliofuata, na mfuko uliokuwa unasaidia kuileta ulikuwa umeondolewa. Baada ya 2017/18 ilipita misimu mitano kabla mavuno hayajafikia tena tani 300,000.

Hali ya hewa nayo ilichangia. Lakini kilichotokea baadaye kinasema mengi: serikali iliporudisha pembejeo za ruzuku na kuuacha mnada ufanye kazi yake, uzalishaji ulipanda, na msimu wa 2024/25 ulizidi tani 500,000, kiwango ambacho nchi hii haikuwahi kukiona. Mikorosho haikubadilika. Kilichobadilika ni imani ya mkulima kwamba jasho lake litalipwa.

Hesabu ya kiwanda

Sasa tuingie ndani ya kiwanda, kwa kuwa hapo ndipo hotuba nyingi huishia mlangoni.

Korosho zetu huvunwa kati ya Oktoba na Januari. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi miezi 12 lazima kinunue malighafi ya mwaka mzima katika miezi mitatu. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Kiwanda cha tani 10,000 kwa mwaka, bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, kinahitaji shilingi bilioni 30 taslimu kabla hakijabangua hata kilo moja. Kwa kuwa akiba hiyo hupungua polepole mwaka mzima, wastani wa mtaji uliolala ghalani ni bilioni 15. Kwa riba ya asilimia 15, kiwanda kinailipa benki shilingi bilioni 2.25 kwa mwaka kwa ajili ya kulaza korosho tu.

Mbanguaji wa Vietnam yuko katika hali nyingine. Ananunua korosho za Afrika Magharibi na za jirani yake Kambodia katika miezi ya mwanzo hadi ya katikati ya mwaka, kisha anakuja kwetu sisi na Msumbiji mwishoni mwa mwaka. Hana haja ya kulaza malighafi ya mwaka mzima. Tuseme ananunua kila baada ya miezi mitatu kwa riba ya asilimia 8: kwa kiasi kile kile cha tani 10,000, riba yake ni takriban shilingi milioni 300. Tofauti kati yake na mbanguaji wetu inakaribia shilingi 200 kwa kila kilo ya korosho ghafi, kabla hatujazungumzia umeme, vipuri, mashine zake anazozitengeneza mwenyewe, au ustadi wa kutoa punje nzima zisizovunjika, ambazo ndizo zenye bei.

Takwimu hizi ni za mfano, na anayetaka abadilishe bei na riba aone. Umbo la tatizo halitabadilika. Mbanguaji wetu anaingia mnadani akiwa nyuma kwa shilingi 200, na kuna njia tatu tu za kuziba pengo hilo. Aipunguze gharama yake, na hilo linahitaji benki, umeme na muda. Au umma umsaidie kwa fedha zinazoonekana katika bajeti. Au anunue korosho kwa bei iliyo chini ya ile ambayo Mvietnam yuko tayari kulipa.

Marufuku ya kuuza korosho ghafi ni njia ya tatu. Inamwondoa mnunuzi wa nje mnadani ili wa ndani aweze kununua kwa bei nafuu. Shilingi 200 hazikutoweka, zimehamia kwenye mfuko wa mkulima, kama makato yasiyoandikwa kwenye stakabadhi yoyote. Na kwa kuwa uwezo wa viwanda vyetu uko mbali sana na tani 500,000, kinachobaki kitatafuta njia yake. Kangomba litafufuka, na malori yatajua njia za usiku.

Tunachoweza kujifunza kwa wengine

Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ni somo kwa pande zote mbili za mjadala huu. Katika miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ilipunguza ushuru wa kuuza nje korosho ghafi. Hoja ilikuwa kwamba ushuru unamnyonya mkulima kwa ajili ya viwanda visivyo na ufanisi. Viwanda vilifungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi. Je, mkulima alitajirika? Wanauchumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch, katika utafiti wao wa mwaka 2002, walikokotoa kwamba faida halisi kwa kaya ya wastani inayolima korosho labda haikuzidi dola 5.30 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya faida iliyotarajiwa iliwaishia wafanyabiashara wa kati.

Kwa hiyo, anayeniambia kwamba soko huria pekee litamkomboa mkulima wa Tandahimba, namwonyesha Msumbiji. Na anayeniambia kwamba marufuku pekee italeta viwanda, namwonyesha viwanda vyetu 12.

Kodivaa imechagua njia nyingine. Nchi hiyo inaongoza duniani kwa uzalishaji wa korosho ghafi, na miaka kumi na mitano iliyopita ilikuwa inabangua sehemu ndogo sana ya mavuno yake. Leo inabangua zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Miongoni mwa hatua zilizochukuliwa ni ruzuku inayolipwa kwa kila kilo ya korosho iliyobanguliwa na kusafirishwa nje. Tazama mantiki yake: kiwanda hakilipwi kwa kuwa na kuta, au kwa kuzinduliwa na kiongozi kwa utepe mwekundu. Kinalipwa kwa kazi iliyokamilika. Na gharama ya kukiinua imeandikwa katika bajeti ya taifa, mahali ambapo bunge linaweza kuiona, kuihoji na kuiondoa siku kiwanda kitakaposimama chenyewe.

Ninachopendekeza

Kwanza, ushuru wa korosho ghafi ufunguliwe daftari lake. Bei ya dunia hatuipangi sisi. Mnunuzi hutoa kwanza ushuru katika hesabu yake ndipo anapotaja bei mnadani. Kwa hiyo anayelipa ushuru huo, kwa sehemu kubwa, ni mkulima. Bei ya bandarini ikiwa dola 1,200 kwa tani, ushuru ni dola 180. Kwa tani 300,000 hizo ni dola milioni 54 kwa msimu mmoja. Anayesema mkulima naye ajitolee kwa ajili ya viwanda hajafanya hesabu, kwa kuwa mkulima amekwisha kujitolea. Swali ni fedha zake ziko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria irudishe sehemu maalumu ya ushuru huo kwenye pembejeo, utafiti wa Naliendele na ruzuku ya ubanguaji, na taarifa ya mapato na matumizi itangazwe kila msimu katika mikutano ya vyama vya msingi.

Pili, tatizo la mtaji wa msimu lishughulikiwe kama lilivyo. Stakabadhi ya ghala ni dhamana nzuri kuliko hati nyingi ambazo benki zetu huzikubali. Uundwe utaratibu ambao korosho za mbanguaji zinabaki ghalani zikiwa dhamana, mkulima analipwa zote mara moja na benki, na mbanguaji anazitoa kidogo kidogo kadiri anavyouza punje. Benki ya Maendeleo ya Kilimo inapaswa kuwa hapo.

Tatu, wabanguaji wa ndani wapewe haki ya kwanza ya kununua, lakini kwa bei iliyopatikana mnadani siku hiyo. Wapendelewe kwa nafasi, kwa muda wa malipo na kwa riba. Wasipendelewe kwa bei, maana bei ni mshahara wa mtu mwingine.

Nne, na hili ni la muhimu kuliko yote, iwepo ratiba ya angalau miaka kumi isiyoguswa katikati ya msimu. Mkorosho huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, na kiwanda huchukua miaka kadhaa kabla ya kurudisha mtaji. Hakuna mkulima atakayepanda, na hakuna mwekezaji makini atakayejenga, kwa kutegemea sheria inayoweza kubadilishwa Juni na tamko linaloweza kutolewa Novemba.

Wapo watakaosema njia hii ni ya polepole mno kwa taifa lenye vijana wengi wasio na kazi. Nawaelewa, kwani baadhi ya vijana hao nimewafundisha. Lakini tumekwisha kujaribu njia za mkato, na zimetugharimu miongo. Mwaka 1974 tulikuwa na takriban tani 145,000. Kama tungepanda kwa hatua ndogo tu tangu siku hiyo, bila kuporomoka, leo tusingekuwa tunashangilia tani 500,000 kama muujiza.

Kwenu watumishi wa umma mnaoandaa nyaraka za sera hizi, nina ombi moja dogo. Katika jedwali la utekelezaji, kando ya safu ya "mhusika" na safu ya "muda", ongezeni safu ya "anayelipa". Jazeni jina lake na kiasi chake. Kama jina litakaloandikwa ni la mkulima, basi aitwe kwenye mkutano wa kijiji aelezwe, na akubali au akatae akiwa na kalamu mkononi. Kwenu wanafunzi, safari nyingine mtakapomsikia mtu jukwaani akitangaza mwisho wa korosho ghafi, msimzomee wala msiharakishe kupiga makofi. Nyoosheni mkono, mmwulize zile shilingi 200 zitatoka wapi.